Barua kwa mwanangu dereva: hiyo nondo itoe kitini

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku wazima, mama yako anakusalimu. Nakuandikia kuhusu ile nondo uliyoiweka kando ya kiti chako. Ulisema ni ya vibaka. Sawa. Lakini siku ile pale Mbagala bodaboda alipokuchomekea, kibaka sikumwona. Niliona mkono wako ukiifuata nondo kabla hata hujamtukana.

Mwaka 1967, Leonard Berkowitz na Anthony LePage wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi 100 wa kiume. Kila mmoja alipigwa shoti za umeme na mwenzake, ama moja ama saba, eti ndiyo maksi za kazi yake. Kisha ikawa zamu yake kurudishia. Wengine walikuta mezani bunduki na bastola, baadhi yao wakaambiwa ni vitu vya mtafiti mwingine tu. Wengine walikuta raketi za badminton, wengine hawakukuta kitu. Waliochapwa saba huku silaha ziko mbele yao ndio waliorudisha shoti nyingi kupita wote. Waliopigwa moja, wale wasio na kinyongo, silaha hazikuwachochea. Wapo waliorudia jaribio hilo wakakosa matokeo hayo, na wasomi bado wanabishana. Mimi sibishani, mkono wako nimeuona.

Kukasirika kwenyewe sikulaumu. Tangu mwaka 1939, John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walisema mtu huwa mkali akizuiwa kufikia anachokiendea. Berkowitz baadaye akasema hata joto na maumivu yanatosha. Wewe vyote unavyo: foleni, trafiki, abiria anayegomea nauli, na hesabu ya tajiri inayokungoja jioni. Kule Phoenix, Arizona, kwenye utafiti uliotoka mwaka 1986, gari la watafiti liligoma makusudi taa ikiwa ya kijani. Kadiri jua lilivyochoma ndivyo honi za nyuma zilivyozidi, hasa kwa madereva waliokuwa wameshusha vioo. Vya gari lako vinapanda, kwani?

Joto la Dar siwezi kukupunguzia, wala hesabu ya tajiri. Nondo iweke nyuma kabisa pamoja na jeki na spana, ili ukiitaka ikubidi uzime gari, ushuke, uzunguke. Na konda umwambie leo, asije akairudisha mbele akidhani umeisahau.

Baba yako