Barua kwa Baba kutoka Buenos Aires

Shikamoo Baba,

Natumai hamjambo nyote hapo Tanga na presha ya Mama imetulia. Mimi mzima, ila baridi ya huku hainionei huruma.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini Waajentina wanalilia mpira kama waliofiwa, salio likakata. Basi nakujibu kwa maandishi.

Mpira huku uliletwa na Waingereza, wenye reli na shule zao. Ndiyo maana nchi inasema Kihispania lakini timu zinaitwa River Plate, Racing na Newell's Old Boys. Wakaja wahamiaji wa Kiitaliano na Kihispania, watoto wao wakauchukua mchezo na kuucheza wanavyotaka wao. Miaka ya 1920 gazeti la michezo la El Gráfico likashikilia kwamba Mwingereza hufundishwa mpira shuleni, kwa nidhamu, ila mtoto wa huku anajifunzia uwanja wa chandimu, penye mashimo, ndiyo maana ana chenga. Mwaka 1928 mwandishi wao Borocotó akataka kabisa mtoto huyo ajengewe sanamu: uso mchafu, nywele hazijui kitana, mpira wa matambara mguuni.

Baba, sanamu hiyo ilizaliwa mwaka 1960 ikaitwa Maradona. Amekulia Villa Fiorito, mtaa wa mafukara hasa. Kombe la Dunia la mwaka 1986 akaifunga Uingereza mawili, la mkono na lile la kuwapiga chenga timu nzima, miaka minne tu baada ya vita vya Malvinas, visiwa wanavyogombania na Waingereza, vilivyoua Waajentina 649. Alipofariki Novemba 2020, jeneza lake liliwekwa Ikulu, na foleni haikujali korona. Hata wimbo walioimba walipochukua Kombe la Dunia Qatar 2022 unawataja Diego, yaani Maradona, na Lionel, yaani Messi, pamoja na vijana wa Malvinas. Kwao ni habari moja.

Kuhusu ushirikina, usiwacheke Waajentina. Sisi timu ina kamati ya ufundi. Huku kila sebule ina ya kwake. Jirani yangu, mama mtu mzima, mumewe alikuwa jikoni bao la kwanza la fainali ya Qatar lilipoingia, akamzuia asitoke. Mzee wa watu alisikiliza hadi penalti za mwisho akiwa kasimama kando ya friji.

Ila kuna jambo sikulisema kwenye simu kwa sababu Mama alikuwa karibu. Julai 2024, walipochukua Copa América, kombe la Amerika Kusini, kiungo wao Enzo Fernández alirusha mubashara wachezaji wakiimba ndani ya basi kuwadhihaki Wafaransa wenye asili ya Afrika. Aliomba radhi. Lakini afisa wa serikali aliyesimamia michezo, aliposema nahodha Messi naye aombe radhi, akafukuzwa kazi. Wiki ile kazini kila mtu alinieleza kwamba ni utani tu, na mimi sikuwa nimeuliza.

Wanapenda kusema kwamba wao wametoka melini, yaani Ulaya. Sensa ya mwaka 1778 iliwakuta watu weusi takriban asilimia 30 ya mji huu. José Manuel Ramos Delgado, aliyezaliwa na baba wa Cape Verde, aliichezea Argentina Kombe la Dunia na baadaye akacheza Santos na Pelé. Nikimtaja, wazee wanamkumbuka vizuri, wanamsifia sana ubekini, halafu wanarudi kuniambia hapa hapajawahi kuwa na weusi. Yule mtoto wa sanamu alikuwa na uso mchafu. Kwamba angeweza kuwa mweusi, hakuna aliyefikiria.

Hata hivyo ninawashangilia, Baba. Usiku wa fainali ile ya Qatar watu nisiowajua walinikumbatia barabarani, na furaha yangu ilikuwa ya kweli.

Jezi ya mdogo wangu inakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao. Halisi haishikiki kwa bei, kwa hiyo ni ya mtaani, namba 10 ipo. Msalimie Shangazi, na dawa za Mama nitatuma hela Ijumaa.

Mwanao