Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: nafasi ya baiskeli katika barabara za Tanga

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imetumia sehemu kubwa ya muda wake kwa jambo moja, nalo ni msuguano kati yetu wapanda baiskeli na ndugu zetu wenye vyombo vya moto. Habari za ada na vifaa zimo katika taarifa za mweka hazina na katibu, nami sitazirudia. Jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu hapa Tanga baiskeli ni chombo cha kazi. Ndiyo inayobeba matenga ya samaki kutoka Deep Sea alfajiri, ndiyo inayomfikisha mwanafunzi wa Mikanjuni darasani, na ndiyo inayomrudisha mama kutoka sokoni Ngamiani, baibui amelikunja lisije likaingia kwenye mnyororo.

Barabara zenyewe zimebadilika. Bodaboda na bajaji zimejaa mjini, na tangu bandari yetu ilipoboreshwa malori nayo yameongezeka. Anayeingia mjini kwa baiskeli kutokea Pongwe asubuhi hupita njia moja na malori ya saruji, kisha akifika Kange hukutana na mabasi ya mikoani. Wote hao wana haraka, na lami ni ile ile.

Kamati ilikaa na viongozi wa madereva wa daladala na wa bajaji kwa nyakati tofauti, na nawashukuru kwa kuja na kusema waliyo nayo moyoni. Walituambia kwamba wengi wetu hutembea usiku bila taa, kwamba wapo wanaokuja kinyume na magari kwa kuona uvivu wa kuvuka, na kwamba baiskeli huyumba ghafla kuelekea katikati ya barabara bila ishara. Malalamiko mawili ya kwanza ni ya kweli na kamati haina utetezi juu yake. Dereva hawezi kumkwepa mtu asiyemwona, na anayekuja kinyume humnyima dereva nafasi ya kupunguza mwendo na kusubiri nyuma yake, kwa kuwa wawili hao wanakimbiliana.

Hilo la tatu ndilo lililotuchukua muda, kwa sababu madereva wengi hawajui kwa nini baiskeli huyumba. Ukingo wa lami ndio unaomeguka kwanza, ndio unaokusanya mchanga na vigae vya chupa, na ndiko bajaji na daladala husimama kupakia abiria. Mahali pengine lami iko juu kuliko udongo kwa kiasi cha kumwangusha mtu akijaribu kushuka au kupanda kwa mshazari. Kwa hiyo mpanda baiskeli aliyebanwa na honi nyuma yake, akaona shimo au mlango wa gari ukifunguka mbele yake, hana pa kwenda ila kulia, na mwenye mzigo kwenye keria hawezi kusimama papo hapo. Tulipolieleza hivyo, mzee mmoja wa daladala alisema kwamba siku zote alidhani tunafanya ukaidi. Naliona neno hilo kuwa faida kubwa ya mwaka huu.

Lipo pia suala la mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na hata katika mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, kabla dereva hajakanyaga breki. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huongezeka takriban mara nne. Gari linapomkaribia mtu wa baiskeli hadi kioo kumgusa kiwiko, hakuna ustadi wa dereva utakaookoa jambo likiharibika. Ufaransa, kwa mfano, sheria humtaka dereva anayempita mpanda baiskeli aache angalau mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Madereva tuliokutana nao wamekubali kufundishana kipimo hicho vituoni kwao, kwa hiari, na ambaye hana nafasi hiyo asubiri.

Katika kikao kimoja lilitolewa pendekezo kwamba baiskeli zisiruhusiwe katika barabara kubwa saa za asubuhi na jioni. Kamati ililikataa, nami nalikataa tena mbele yenu. Mpanda baiskeli hayupo barabarani kwa hisani ya mwenye gari, na saa hizo ndizo saa za kazi na shule. Kwa uzito huo huo siungi mkono wanachama waliotaka tulipe kisasi kwa kuvunja vioo vya magari, kwa maana atakayelipa gharama ya kisasi hicho ni mtoto atakayepita njia hiyo kesho yake.

Tunachokitaka ni nafasi: mabega ya barabara yaliyosawazishwa na lami, yenye mstari unaoonekana, na vituo vya daladala vilivyoingizwa ndani. Hata hivyo, njia peke yake haitoshi. Dar es Salaam, barabara ya mabasi yaendayo haraka ilipofunguliwa mwaka 2016 ilikuwa na njia za baiskeli, lakini pikipiki na wafanyabiashara wakazivamia sehemu nyingi. Kwa hiyo tunapoomba njia tuombe na usimamizi wake.

Barua zielekezwe panapohusika. Barabara kuu za kwenda Segera na Horohoro ziko chini ya TANROADS, na mitaa ya mjini, zikiwamo barabara za namba za Ngamiani, iko chini ya TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na bajeti hupangwa miezi mingi kabla ya hapo, hivyo ombi linalopelekwa Juni limechelewa.

Kamati inaleta kwenu maamuzi mawili. La kwanza, sehemu ya ada ya mwaka ujao inunue taa na viakisi mwanga kwa wanachama wasio navyo, tukianza na wachuuzi wa samaki wanaotoka gizani. La pili, mchague wajumbe watatu, mmoja wao awe mwanamke anayeendesha baiskeli kila siku, wapite na wahandisi katika barabara zetu na kuwaonyesha kingo zilizomeguka. Katibu atapokea majina kabla ya mkutano kufungwa.