Neno lililokatwa kwenye kitabu cha Propp

Mhariri,

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi hukariri kwamba, kwa mujibu wa Vladimir Propp, kila hadithi ina majukumu 31, yaani matendo yanayosukuma kisa mbele. Propp hakusema hivyo.

Mwanafilolojia huyu wa Urusi (1895–1970) alichambua ngano 100 kutoka mkusanyo wa ngano za Kirusi wa Afanasyev, zote za miujiza. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1928, mhariri alikwisha kuliondoa neno “miujiza” kwenye jina ili kivutie zaidi. Propp mwenyewe alilieleza hilo mwaka 1966 alipomjibu mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Lévi-Strauss, aliyekuwa amekihakiki kitabu hicho. Jina likabaki “Mofolojia ya Ngano”, na kosa likaingia hivyo hivyo katika tafsiri ya Kiingereza ya 1958. Kitabu chake cha 1946, kuhusu chimbuko la ngano hizo, neno hilo kinalo.

Tazama alivyofanya kazi. Mfalme anampa shujaa tai, tai anambeba hadi nchi nyingine. Mchawi anampa Ivan kimashua, kinampeleka. Binti mfalme anampa Ivan pete, wanatoka vijana ndani yake, wanambeba. Mtoaji si yule, chombo si kile, tendo ni lile lile. Kwa hiyo mchambuzi huorodhesha matendo kwa mfuatano wake, huyaweka majina kando, kisha huuliza kila tendo limezaa nini. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Shujaa mmoja anapewa na baba yake rubeli 100, ananunua paka mwenye hekima. Mwingine anatuzwa fedha kwa ushujaa, kisa kinaisha. Wote wamepokea fedha, lakini hayo ni majukumu mawili tofauti kabisa.

Wala ngano haidaiwi majukumu yote 31. Mengi yanaweza kukosekana. Yaliyopo ndiyo hufuata mpangilio mmoja. Na zile nyanja saba za wahusika, yaani makundi ya matendo kama ya shujaa, adui au msaidizi, si watu saba: mtu mmoja anaweza kuwa mtoaji na msaidizi pia.

Ngano ya zimwi aliyeteka binti, akafuatwa na kijana mwenye hirizi, ipimwe kwa kipimo hiki. Kisa cha Sungura kumlaghai Fisi hakimo humo, na mwanafunzi asikatwe alama kwa kukosa kumpata humo “mtoaji” au harusi ya mwisho. Tunawaomba waandaaji wa vitabu vya kiada walirudishe neno “miujiza” mahali pake.

Wasomaji wa fasihi simulizi,
Morogoro