Godoro la lateksi: pimeni uzito, siyo unene tu

Mhariri,

Wanunuzi wengi hapa Dodoma wakiingia duka la magodoro huuliza inchi tu. Kwa godoro la matabaka la lateksi, yaani mpira wa utomvu, fungueni zipu mtazame: tabaka gumu likae chini, laini juu, inchi 2 au 3. Alalaye ubavu anahitaji ulaini huo begani na nyongani. Alalaye kifudifudi apunguze, la sivyo kiuno kitazama.

Uzito hausemi uongo. La futi 5 kwa 6, inchi 8, likiwa lateksi tupu hukaribia kilo 40. Kijana akilitupia begani kama mto, hilo ni sponji lililovishwa kitambaa kizuri.

Chaga nazo zisiachane zaidi ya sentimita 7, maana mpira huu hubonyea kwenye mianya.

Halafu kuna mazoea yetu ya kuanika godoro uani. Sponji huvumilia kiasi; lateksi, kwa jua hili la kiangazi, hukauka, huwa ya njano na kumeguka kama mkate mkavu. Anikeni foronya yake. Godoro lenyewe lisimamisheni kivulini, dirisha wazi.

Msomaji, Dodoma