Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbegu Mbichi, Mbegu Kavu na Vitalu Vyetu vya Kigoma

Ndugu wanachama,

Kwa heshima kubwa nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu kwa mwaka huu tunaoufunga. Hesabu za fedha zitasomwa na mhazini, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo nimeona niitumie nafasi yangu kueleza jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoamua kipi kimeota na kipi hakikuota katika vitalu vyetu, kuanzia Ujiji hadi Mwandiga. Jambo hilo ni umri wa mbegu, yaani muda ambao mbegu yaweza kukaa hai kabla ya kusiwa. Mbegu zilizotufia ndani ya nyumba kabla hatujazisia ni nyingi kuliko zile zilizoliwa na panya au kuchukuliwa na maji ya mvua, na zimetufia kwa sababu tulizihifadhi zote kwa namna moja, kama tuhifadhivyo mahindi.

Nianze na mafenesi. Mwanachama mwenzetu wa Gungu alikula fenesi tamu lililomfurahisha kuliko yote aliyowahi kuonja, akaziosha mbegu zake vizuri, akazianika juu ya mkeka kwa wiki tatu, kisha akazifunga kwenye kitambaa hadi mvua zilipoanza mwezi wa Novemba. Hakuna hata moja iliyoota. Alikuja kwangu akiwa na huzuni ya kweli, na tulipoikata mbegu moja kwa kisu tukaikuta imesinyaa na kugeuka rangi ya kahawia ndani, ngumu kama kipande cha muhogo mkavu. Mama huyu hakuwa mzembe. Kwa mbegu ya mahindi au ya mchicha kila alichokifanya kingekuwa sahihi. Lakini fenesi, embe, parachichi na kakao hutoa mbegu zisizovumilia kukauka. Mbegu hizo hutoka kwenye tunda zikiwa na maji mengi na kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya mbegu) kilicho tayari kuanza safari, na zikipoteza maji hayo hufa, wala hakuna dawa wala kuloweka kutakakozirudishia uhai. Zinatakiwa kusiwa siku ileile zinapotolewa kwenye tunda, au ndani ya siku chache, na kama ni lazima zisafirishwe, basi zifungwe ndani ya maranda au mchanga wenye unyevu mdogo, mahali penye kivuli.

Naomba mniruhusu nitoke kidogo nje ya vitalu. Kila ninapopita Ujiji chini ya miembe mikubwa, nawaza namna mti huu ulivyofika huku. Sote tunajua kwamba njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora ilipandwa miembe, na kwamba mwaka 1871 Stanley alikutana na Livingstone hapo hapo Ujiji. Msafara ulichukua miezi kutoka pwani hadi ziwani, na kokwa la embe lililokaushwa haliwezi kuvumilia miezi. Imani yangu ni kwamba miembe ilisogea kituo kwa kituo, mti ukipandwa, ukizaa, na kokwa bichi likibebwa hadi kituo kinachofuata. Wazee wale hawakuwa na kipimajoto, lakini bila shaka walijua kwamba kokwa la embe halingoji.

Kundi la pili ni la mbegu zinazopenda kukauka, na hapa ndipo penye sehemu kubwa ya maua na miti yetu ya mapambo: mkrismasi, jakaranda, kibobakasi, waridi la jangwani na maua mengi ya msimu. Kwa mbegu za namna hii kuna kanuni ambayo kila mwanachama anapaswa kuikariri: unyevu wa ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, au joto la mahali inapokaa likipungua kwa nyuzi 5 za Selsiasi, umri wa mbegu huongezeka takriban maradufu. Maana yake kwetu ni kwamba mbegu ya jakaranda iliyowekwa kwenye bahasha juu ya kabati, chini ya bati linalopigwa na jua la Kigoma, huzeeka haraka sana kuliko ndugu yake aliyewekwa ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na kipande cha mkaa mkavu au mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu, na chupa yenyewe ikakaa mahali pa baridi. Wenye majokofu nyumbani nawaomba wawahifadhie wenzao. Tahadhari ni kwamba mwarobaini usihesabiwe katika kundi hili kwa uhakika. Mbegu zake hukauka kiasi lakini hupoteza uhai kwa muda mfupi, na njia salama ni kuzisia mapema baada ya kuziokota.

Tumejifunza pia kwamba mbegu iliyo hai yaweza kukataa kuota kwa sababu ya ganda lake. Mwaka huu malalamiko mengi niliyopokea yalihusu mkrismasi, mti huu wa asili ya Madagaska ambao sisi tumeupa jina hilo kwa sababu unawaka maua mekundu kuelekea Desemba. Ganda la mbegu yake halipitishi maji. Mwanachama anaweza kuisia, akaimwagilia mwezi mzima, kisha akaifukua na kuikuta ikiwa kavu na inang'aa kama ilivyoingia. Nilifanya kazi hii nyumbani kwangu Mwanga mbele ya vijana wanne wa chama ili waone kwa macho yao. Tulichukua mbegu tukazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza tulilimwagia maji yaliyotoka kuchemka, tukiwa tumekwisha kuyaepua motoni, tukaziacha humo hadi kesho yake maji yakiwa yamepoa. Fungu la pili tulilisugua moja moja kwenye ukuta wa saruji upande wa mbali na kitovu cha mbegu, hadi weupe wa ndani ukaonekana kama nukta, kisha tukaloweka kwenye maji ya kawaida. Asubuhi mbegu zilizonywa maji zilikuwa zimevimba karibu mara mbili na ganda limelainika kiasi cha kuchubuka kwa kucha. Zile ambazo hazikuvimba zilirudishwa kusuguliwa tena. Tulizozisia ni zile zilizovimba tu, na ndani ya wiki moja zilianza kunyanyua udongo. Mmoja wa vijana hao sasa anawauzia majirani miche ya mkrismasi.

Waridi la jangwani linastahili maneno yake lenyewe, kwa sababu ndilo linalouzika zaidi na ndilo tunalolikuza vibaya zaidi. Mmea huu ni wa Afrika Mashariki hasa, na uzuri wake uko kwenye shina nene lililovimba chini kama chungu. Wengi wetu tumekuwa tukikata vijiti na kuvipanda, na maua tunayapata, lakini shina lile nene halijengeki sawasawa. Mmea uliotokana na mbegu ndio unaoanza kunenepa tangu utotoni. Matunda yake hukaa mawili mawili kama pembe za mbuzi, na yakipasuka mbegu hupeperushwa kwa sababu kila moja ina shada la nywele katika ncha zote mbili. Kwa hiyo tunda likianza kubadilika rangi lifungwe kwa uzi mapema. Mbegu mpya hulazwa juu ya mchanga wenye unyevu kiasi uliochanganywa na mboji kidogo, ikafunikwa kidogo tu, nayo huota ndani ya siku tatu hadi saba. Ikikaa miezi mingi nguvu hiyo hushuka. Nawakumbusha kwamba utomvu wake ni sumu, iliyowahi kutumiwa kwenye mishale ya uwindaji, hivyo mikono ioshwe na watoto wasiachiwe vipande vya kuchezea.

Sasa niseme kuhusu hasara ya kitalu chetu cha pamoja, kwa kuwa wanachama wana haki ya kuijua. Katika mvua za mwanzo, trei zetu za maua ya msimu zilizokuwa zimeota vizuri zilianguka ndani ya siku tatu. Aliyeziona atakumbuka: miche ilikuwa na majani mabichi kabisa, lakini pale shina linapotokea udongoni palikuwa pamesinyaa na kuwa pembamba kama uzi uliopitishwa kwenye moto, na mche mzima ukalala. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia. Tulivikaribisha wenyewe. Udongo ulikuwa wa tuta la zamani, mbegu zilisiwa kwa msongamano, na kwa kuogopa mvua tulifunika trei kwa nailoni bila kuacha nafasi ya hewa, huku zamu ya jioni ikiendelea kumwagilia. Kamati, nikiwamo mimi, ndiyo iliyoagiza nailoni hiyo, nami nawaomba radhi wanachama waliochangia mbegu zao.

Kuanzia kiangazi kijacho udongo wa kusia utalowanishwa na kufunikwa kwa nailoni angavu juani kwa wiki nne hadi sita, ili joto la jua liue vimelea hivyo, na miezi ya Julai na Agosti hapa kwetu inafaa sana kwa kazi hiyo. Umwagiliaji utafanywa asubuhi, mbegu zitasiwa kwa nafasi, na juu ya trei tutatandaza mchanga mwembamba wa mto uliooshwa, ambao hukauka haraka na kuilinda shingo ya mche.

Kuhusu michikichi nitasema machache, ingawa najua ndiyo inayoulizwa kila kikao. Mbegu ya mchikichi hulala, na haiamki bila joto la muda mrefu. Wataalamu huiweka kwenye joto la karibu nyuzi 39 kwa wiki kadhaa kabla ya kuirudishia maji. Zaidi ya hayo, mchikichi bora wa aina ya Tenera ni chotara wa Dura yenye kifuu kinene na Pisifera isiyo na kifuu. Ukiokota kokwa chini ya Tenera na kulipanda, watoto hawatafanana na mama. Wengine watarudi kuwa Dura, na wengine watakuwa Pisifera ambao kwa kawaida mikungu yao huharibika kabla ya kukomaa. Kwa hiyo chama hakitauza miche ya kuokota. Anayehitaji michikichi ya shambani aende kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, kilicho hapa hapa mkoani kwetu.

Wanachama watatu walinunua kwa njia ya mtandao mbegu zilizoitwa za waridi la bluu. Kilichoota ni majani tu yasiyo na sura ya waridi. Waridi halina rangi ya bluu ya asili, na hata mbegu halali ya waridi haimrudii mama yake. Ndiyo maana mawaridi ya bustani hukuzwa kwa vijiti na kuunganishwa. Picha ya kuvutia isitutoe fedha mfukoni, na tena mbegu yoyote inayotoka nje ya nchi inatakiwa kufuata taratibu za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa sababu pakiti ndogo yaweza kuingiza ugonjwa au gugu.

Katika hili la magugu nawaomba tuwe wakali kwa nafsi zetu. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, na ndugu zetu wa Ziwa Victoria wamehangaika nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa zaidi ya miaka 15. Karibu zaidi na sisi, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Mahale, mti wa maua ya njano uitwao Senna spectabilis, uliopandwa kwa mapambo, umesonga miti ya asili. Kamati imeamua kwamba mbegu za mimea hiyo miwili, pamoja na za lantana, kichaka cha maua kinachosambaa kama gugu, hazitapokelewa wala kubadilishwa katika mikutano yetu. Najua wapo wanaoipenda lantana kwa ajili ya uzio wa nyumba. Nimewasikiliza, na bado naona ziwa na misitu yetu vina thamani kubwa zaidi.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili. La kwanza ni daftari la mbegu, litakalokaa kwa katibu na kuandikwa kila mbegu iliyoingia, mti iliyotoka, siku iliyookotwa na siku iliyosiwa. La pili ni kipimo cha uotaji kabla ya kugawa mbegu kwa wanachama: mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa, na zikiota chini ya tano, fungu hilo lisigawiwe. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kama tungekuwa nacho mwaka huu tusingewapa wanachama wa Kasulu jakaranda iliyokwisha kufa.

Katika mkutano ujao wa kubadilishana mbegu, kila mwanachama aje na angalau bahasha moja iliyoandikwa kwa kalamu jina la mmea, mahali ulipo mti mama, na tarehe ya kuokota. Bahasha isiyo na tarehe itarudishwa kwa mwenyewe, hata ikiwa ni ya mwenyekiti. Wenye mafenesi na maembe wasilete mbegu kavu. Walete tunda lenyewe, nasi tutalikata na kuzisia mbegu zake hapo hapo kitaluni.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Kigoma