Foliki ya miligramu 5 isiuzwe kiholela kwa wenye kifafa

Mhariri,

Mjini Kisumu, asidi foliki ya miligramu 5 hununuliwa kwenye kemisti bila maswali. Kwa anayetumia dawa za kifafa yapo mawili yasiyokwepeka: anameza dawa gani, na je, ni mjamzito?

Dawa za kifafa kama fenobabitali na fenitoini zikitumiwa kwa miaka hushusha foleti mwilini, yaani vitamini B9, ambayo asidi foliki ni aina yake ya vidonge. Mgonjwa hunyong'onyea, hapendi kuongea, kazi humshinda. Nyumbani watasema amerogwa. Huenda ni dozi ya fenobabitali imezidi, na hilo lichunguzwe kwanza. Lakini huenda pia ni foleti.

Daktari Edward Reynolds wa London alichapisha mwaka 1967 matokeo ya wagonjwa 26 wa kifafa waliopewa asidi foliki. Wengi walichangamka, ila kwa nusu yao kifafa kilizidi. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na majaribio ya baadaye kwa jumla hayakuona ongezeko hilo. Hata hivyo, foliki huharakisha uvunjwaji wa fenitoini mwilini. Kiwango cha dawa kwenye damu kikishuka, aliyekuwa ametulia huenda akaanza kuanguka tena.

Mwaka 1990, watafiti wa London walipima wagonjwa 123 wa sonona na skizofrenia (maradhi ya akili). 41 walikuwa na upungufu wa foleti. Kati ya hao 41, waliopewa metilfoleti (aina nyingine ya foleti) miligramu 15 kwa siku, juu ya dawa zao za kawaida, walipata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tuzingatie: juu ya dawa zao, si badala yake. Na walipimwa kwanza.

Kipimo bora ni foleti ya ndani ya chembe nyekundu, kwani huonyesha hali ya miezi kadhaa. Ile ya majimaji ya damu hubadilika kwa mlo wa juzi tu. Vitamini B12 ipimwe pamoja nayo. Ikiwa B12 ndiyo iliyopungua, foliki peke yake hurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika, na ganzi ya miguu huja baadaye. Anayetumia fenitoini apimwe kiwango chake kabla ya foliki na wiki chache baadaye. Pasipo maabara, kila anguko liandikwe daftarini pamoja na tarehe.

Kwa wajawazito wa ukanda wa ziwa kuna mtego mwingine. Mwenye kifafa, hasa anayetumia dawa ya valproeti, mara nyingi huandikiwa foliki miligramu 5 ili kupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Kliniki nayo humpa SP (salfadoksini na pirimethamini) ya kuzuia malaria. Utafiti uliofanywa hapa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa foliki ya miligramu 5 hudhoofisha SP, lakini ya miligramu 0.4, kiasi kilichomo katika kidonge cha pamoja na madini ya chuma, haikuidhoofisha. Basi mkunga aonyeshwe vidonge vyote kabla ya SP kumezwa, na daktari ndiye aamue kipi kipunguzwe. Dawa ya kifafa isiachwe ghafla hata siku moja.

Mfamasia,
Kisumu