Funmilayo: anzia sokoni

Rehema shoga yangu,

Salamu zako zimefika, nasi huku sote wazima. Umeomba nikusaidie mada ya kikundi chenu kuhusu Funmilayo Ransome-Kuti, mtetezi wa wanawake wa Nigeria. Nakusihi jambo moja: usianzie dirishani. Wengi wanamjua kama mama yake mwanamuziki Fela Kuti, yule mama aliyetupwa dirishani na wanajeshi, basi. Anzia sokoni Abeokuta, kwenye kodi.

Mji huo wa Wayoruba, huko Nigeria, ulikuwa chini ya Alake, yaani mfalme, Ademola wa Pili, na Waingereza walimtumia kukusanya kodi. Mwanamke alitozwa yake, mbali na ya mumewe. Msichana alianza kulipa akiwa na miaka 15, mvulana 16. Binti akisema hajatimiza umri, watoza kodi walithubutu kumvua nguo ili wamkague kifua. Kisha wakati wa vita vikuu vya pili wauzaji wakawa wananyang'anywa mchele wao. Hayo yote, na barazani wanawake hawana hata kiti kimoja.

Mwanzoni Funmilayo aliongoza klabu ya akina mama waliosoma. Wauza soko walipoanza kuja kujifunza kusoma na kuandika, shida zao zikaja nao, na mwaka 1946 klabu ikageuka kuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Yeye mwenyewe alisoma Uingereza, lakini aliacha magauni akavaa nguo za Kiyoruba kama wenzake. Mbele ya maofisa wa Kiingereza alisema Kiyoruba, wao watafute mkalimani.

Kwenye mbinu usiharakishe, maana wanakikundi watataka kujua ilifanyikaje. Waliponyimwa vibali vya maandamano, walitoka vilevile wakasema wanakwenda mandari. Kabla ya kutoka aliwafanyisha mazoezi ya mabomu ya machozi: kitambaa kifunike macho, pua na mdomo, kopo likianguka, liokote upesi ulirushe lilikotoka. Mwishoni mwa Novemba 1947 wanawake zaidi ya 10,000 walikesha nje ya ikulu ya Alake, wakiimba nyimbo za kumsuta.

Wazee wa Ogboni, chama cha siri cha wakubwa wa mji, wakatoa fimbo ya Oro, mzimu wa wanaume. Kwa mila, Oro ikitoka mwanamke hujifungia ndani, asiione. Funmilayo aliinyakua fimbo yenyewe, akaiweka nyumbani kwake pa kuonekana. Kwangu hiki ndicho kitendo chake kizito kuliko vyote. Kumpinga mkoloni wengi walithubutu. Fimbo ile iliogopwa hata na wanawake waliokuwa upande wake, na bila kuwaondolea hofu hiyo hata mkesha mmoja ungevunjika.

Madai yao waliyaandika: kodi ya wanawake ifutwe, kampuni za kigeni ndizo zitozwe, utawala wa mtu mmoja ukome. Mwaka 1948 kodi ilisitishwa, Julai Alake akaondoka mjini, na Januari 1949 akajiuzulu. Wanawake wanne waliingia kwenye baraza la muda, Funmilayo akiwemo.

Yaliyoharibika nayo yaseme. Desemba 1950 Alake alirudishwa. Mwaka 1959 chama cha siasa cha Funmilayo, NCNC, kilikataa kumsimamisha kugombea ubunge, akagombea kama mgombea binafsi. Kura zikagawanyika na kiti kikaenda kwa wapinzani. Mwanamke aliyeweza kujaza uwanja wa ikulu hakuingia bungeni, kwa sababu uteuzi ulikuwa mikononi mwa wanaume wa chama.

Sasa ndipo ufike Lagos. Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi wapatao 1,000 walivamia Kalakuta, nyumba ya Fela, ambaye muziki wake uliwaudhi watawala wa kijeshi. Walipiga watu, wakachoma nyumba, wakamtupa mama wa miaka 76 kutoka dirisha la ghorofani. Hakupona. Alifariki tarehe 13 Aprili 1978. Tume ya serikali iliandika kwamba moto uliwashwa na askari asiyejulikana, na hakuna aliyeadhibiwa. Maneno hayo wasomee kama yalivyo, usiyapunguze makali. Alipozikwa Abeokuta, wauza soko walifunga biashara zao.

Kama mmepewa nusu saa, dakika ishirini ziwe za kodi, mandari na Oro. Picha yake akiwa na kilemba ichapishe kubwa, iwekwe mbele wakati wote. Ukikwama kwenye majina ya Kiyoruba nipigie kabla ya Jumamosi.

Wasalimie watoto na wifi.

Shoga yako,
Mwanaidi